Una Wiki Ngapi?

Swali hilo nimeulizwa mara mbili na manesi waliokuwa na haraka. Mara ya kwanza sikuwa na jibu.

Ilikuwa Julai 2017. Nilikuwa nimetoka Bukoba kwenda Muleba kumzika baba mdogo, nikiwa na mimba yangu ya kwanza. Mgongo ulianza kuuma Alhamisi usiku, siku niliyofika. Nikajiambia ni barabara, ni kulala kwenye mkeka pamoja na kina shangazi, ni kuinama kumenya ndizi za watu wote wale. Ijumaa maumivu yakawa yanakuja na kuondoka. Sikumwambia mtu. Si unajua msiba wa nyumbani ulivyo: mtu amekufa, wewe uende kusema mgongo unakuuma? Tukazika Jumamosi mchana. Jumamosi usiku, mama yangu akaniona nimeshika mgomba kule nyuma ya nyumba, nimeuma khanga, akajua.

Tulipata gari la jirani. Tulipofika kituoni ilikuwa saa 8 usiku. Nesi akaniuliza, "Mama, una wiki ngapi?" Nikamwambia miezi saba. "Saba iliyoisha au saba iliyoanza?" Nikamtazama mama yangu, mama akanitazama. Kadi ya kliniki niliiacha Bukoba, kwenye droo, maana nilikuja kwenye msiba wa siku tatu tu. Nilikuwa na shahada ya uandishi wa habari, nilikuwa nakumbuka tarehe za chaguzi zote za vyama vingi, lakini tarehe ya hedhi yangu ya mwisho sikuikumbuka. Kliniki yenyewe nilianza kuhudhuria mimba ikiwa na miezi mitano.

Alizaliwa kabla ya saa 10 alfajiri. Mvulana. Alilia mara moja, kidogo, kisha akaanza kupumua kwa kuguna. Kila pumzi ilikuwa na mguno wake, na kila alipovuta hewa kifua kilibonyea kwa ndani kana kwamba kuna mtu anamfinya. Walimpa oksijeni. Walimfunika vizuri. Aliishi kwa muda wa masaa saba. Tulimzika kwenye kibanja cha baba yangu, hatua chache kutoka kwa baba mdogo ambaye udongo wake ulikuwa bado mbichi. Wazee walisema mtoto mchanga halii­liwi sana. Sikulia sana mbele yao.

Miezi michache baadaye, rafiki yangu mmoja ambaye ni daktari aliniambia, bila kujua anachonifanyia, kwamba kuna sindano. Mama anayeonekana atajifungua kabla ya wakati huchomwa sindano, na ile sindano humkomaza mtoto mapafu akiwa bado tumboni. "Hawakukuchoma?" akaniuliza.

Hawakunichoma. Basi kwa miaka kama minne nilimchukia yule nesi. Sikumjua jina, uso wake niliuona kwa taa ya koroboi na tochi ya simu, lakini nilimchukia kwa bidii. Niliandika hata aya ya kwanza ya makala juu yake. Ninashukuru kwamba sikuimaliza.

*

Mapafu ya mtoto aliye tumboni hayana kazi ya kupumua; hewa ya oksijeni anaipata kwenye damu ya mama kupitia kondo. Kazi inaanza siku anapozaliwa. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo sana vya hewa, mamilioni. Chukua mfuko mwembamba wa nailoni, ulowanishe ndani, kisha jaribu kuufungua. Kuta zake zinashikana. Ndivyo vile vifuko vya mapafu vinavyotaka kufanya kila mara mtu anapotoa pumzi, kwa sababu vina majimaji ndani. Sisi tuliozaliwa kwa wakati tuna utelezi fulani, kitu kama povu, unaozuia kuta hizo zisigande. Mtoto njiti utelezi huo bado hajatengeneza wa kutosha. Kwa hiyo kila pumzi kwake ni kama pumzi ya kwanza: anafungua mfuko uliogandana, unafunga, anaufungua tena. Anachoka. Ule mguno niliousikia ni mtoto akijaribu kubakiza hewa kidogo ndani ili vifuko visifunge.

Haya yalijulikana tangu 1959, daktari mmoja wa Marekani, Mary Ellen Avery, alipoonyesha kwamba watoto waliokufa kwa ugonjwa huu walikosa utelezi huo. Kujua hakukutosha. Agosti 1963, Rais John Kennedy wa Marekani alipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa wiki ya 34. Mtoto huyo alikuwa na madaktari wote ambao fedha na madaraka vinaweza kuwaita. Alikufa baada ya siku mbili, kwa mapafu.

Jibu lilitoka kwa kondoo. Kule Auckland, New Zealand, daktari wa uzazi aitwaye Graham Liggins alikuwa anatafuta kitu kingine kabisa: alitaka kujua uchungu huanzishwa na nini. Alikuwa anawapa wanakondoo walio tumboni homoni za aina ya steroidi, na wakawa wanazaliwa mapema. Akaona mmoja aliyezaliwa mapema mno, ambaye kwa hesabu zote alipaswa kuwa amekufa, anapumua. Mapafu yake yalikuwa yamejaa hewa pale ambapo yalitakiwa yawe yamesinyaa. Liggins akaungana na daktari wa watoto, Ross Howie, wakajaribu kwa binadamu. Mwaka 1972 walichapisha matokeo ya kina mama 282. Watoto wa waliopewa dawa walikufa wachache zaidi, kwa tofauti kubwa.

Hiyo ni 1972. Mama yangu alikuwa bado hajazaliwa kaka yake mdogo. Lakini hata kwa wenzetu dawa ilikaa miaka zaidi ya ishirini ikitumiwa na wachache; Marekani ilikuwa 1994 ndipo jopo la taasisi za afya za taifa lilipowahimiza madaktari waitumie kwa upana. Majaribio mengine yalikuwa yamefanyika, kila moja dogo, na mengi peke yake hayakutosha kumshawishi mtu. Yalipojumlishwa, jibu likawa wazi. Ile nembo ya mtandao wa watafiti wa Cochrane, yenye mistari midogo ya kulala ndani ya duara, ni mchoro wa majaribio saba ya sindano hii. Kila mstari ni utafiti mmoja. Nimeitazama nembo hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili.

*

Mara ya pili nilihesabu.

Nilinunua daftari la kurasa 48 pale karibu na stendi ya Bukoba, nikaandika tarehe ya hedhi ya mwisho kwenye jalada, kwa peni nyekundu. Nilikwenda kupima kwa ultrasaundi nikiwa na wiki 11, maana nilishasoma kwamba kipimo cha mapema ndicho kinachokadiria umri wa mimba vizuri. Ukichelewa, makisio yanatanuka kwa wiki mbili, tatu. Kila Jumatatu niliandika namba mpya. Mume wangu alikuwa ananitania kwamba nimefungua kampuni ya ukaguzi wa mahesabu.

Novemba 2021, msimu wa senene. Watu walikuwa wamesimamisha mabati na madumu, wamewasha taa kali zinazofanya usiku wa Bukoba uonekane kama kuna mechi. Nilikuwa nyumbani Kashai, Jumatano jioni, nachambua senene kwenye ungo, nikasikia maji yanashuka. Sikuwa na uchungu. Chupa ilikuwa imepasuka.

Safari hii nesi alipouliza nilimjibu kabla hajamaliza: "Thelathini na moja na siku mbili." Nikampa kadi, nikampa na daftari. Akafungua daftari, akatazama, akaniangalia tena. Akaenda kumwita daktari.

Walinipima joto, walinipima mkojo na damu, wakasikiliza moyo wa mtoto. Daktari, kijana mdogo kuliko mimi, akavuta kiti akakaa. Aliniambia watanipa antibayotiki kwa sababu chupa ikipasuka vijidudu vinapata njia, na watanichoma deksamethasoni. Miligramu 6, kila baada ya masaa 12, mara nne. Faida yake inaonekana vizuri kuanzia kama siku moja baada ya sindano ya kwanza, ikadumu kama wiki. "Kwa hiyo tunamwomba mtoto atupe siku mbili," akasema.

Mama mkwe wangu alikuwa amefika na chupa ya uji. Akasikia jina la dawa. "Hiyo si ile wanayomeza wasichana wanenepe?" Hakukosea sana. Chuoni nilikuwa na rafiki aliyenunua vidonge hivyo dukani bila cheti ili apate mashavu, akayapata, akapata na mengine asiyoyataka. Na mimi kama mwandishi niliijua dawa hiyo kwa njia nyingine: Juni 2020 ilikuwa kwenye habari za dunia nzima, pale Waingereza walipogundua inapunguza vifo vya wagonjwa mahututi wa Korona. Dawa ileile, ya bei rahisi. Daktari akamwelekea mama mkwe kwa heshima, akamwambia, "Waitu mama, ni hiyohiyo. Tofauti ni kipimo, ni siku, na ni nani anayeitoa." Mama mkwe akaninywesha uji bila kusema neno. Kwake hiyo ni ruhusa.

Sindano ya kwanza saa 4 usiku. Ya pili saa 4 asubuhi. Kati ya hizo mbili sikulala. Nilibana mapaja kana kwamba kuzaa ni jambo la kuzuia kwa misuli. Alhamisi saa 4 usiku ya tatu. Ijumaa asubuhi ya nne, na nesi wa zamu alipochomoa sindano akasema, "Haya, sisi tumemaliza yetu." Uchungu ulianza Ijumaa usiku. Binti yangu alizaliwa Jumamosi alfajiri, kilo moja na nusu kasoro kidogo.

Nilikuwa nasikiliza mguno. Nadhani kila mtu chumbani alinyamaza, au ni mimi niliyenyamaza. Alilia. Akalia tena. Alihitaji oksijeni ya puani kwa siku mbili, kisha wakamweka kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, wakatufunga pamoja kwa kitenge, na hapo tukakaa majuma matano. Huduma hiyo ya kangaruu nayo ina historia yake: ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka ule ule wa 2021 ulitoka utafiti uliofanyika nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulioonyesha kwamba kuianza mara tu mtoto anapozaliwa, badala ya kungoja atulie, kunaokoa maisha. Mimi nilichokuwa najua ni kwamba alikuwa na joto, na kwamba anapumua kwenye shingo yangu kimyakimya.

*

Sasa hapa ningeweza kumalizia. Mtoto wa kwanza hakupata sindano, akafa. Wa pili alipata, akaishi. Ndivyo nilivyowasimulia watu kwa muda. Mhariri wangu aliipenda hadithi hiyo, na kila inapokaribia tarehe 17 Novemba, Siku ya Mtoto Njiti Duniani, alikuwa ananiuliza, "Ile ya kwako je?" Nilikaa chini niiandike. Kazi ya kuandika ndiyo iliyoniharibia.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan. Kina mama 2,852. Watoto wachanga waliokufa katika kundi lililopewa deksamethasoni walikuwa asilimia 19.6, katika kundi lililopewa maji ya chumvi tu, asilimia 23.5. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa imeshaonekana. Ukiigeuza hesabu hiyo, kwa kila kina mama 25 wanaochomwa, anaokoka mtoto mmoja zaidi.

Mmoja kwa 25. Nilitegemea namba kubwa zaidi. Maana yake ni kwamba, kati ya sisi 25, walio wengi watoto wao wangeishi hata bila sindano, na wachache walikufa pamoja na sindano. Mmoja tu ndiye aliyeishi kwa sababu yake, na hakuna wa kumtambua, hata mama yake. Sijui kama binti yangu ndiye. Na yule mvulana, angechomwa, sijui kama ndiye angekuwa yule mmoja.

Kuna namba nyingine iliyonishtua zaidi. Miaka mitano kabla, 2015, ulichapishwa utafiti wa nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, ambapo wahudumu wa vituo vya vijijini walifundishwa na kupewa sindano hizi wazitumie kwa upana. Mama asiyejua tarehe zake alipimwa tumbo kwa utepe ili kukisia umri wa mimba. Watu walitarajia vifo vishuke. Kwa watoto wadogo kabisa havikushuka. Na kwa watoto wote kwa ujumla viliongezeka, vifo 3.5 zaidi kwa kila vizazi hai 1,000, na kina mama wakaonyesha maambukizi zaidi. Wengi waliochomwa hawakuwa na watoto wadogo hata kidogo; makisio yalikosea. Na waliozaa njiti kweli, wengi hawakuwa na wadi ya njiti ya kuwapeleka.

Kwa sababu hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani umeweka masharti. Wiki 24 hadi 34. Umri wa mimba ujulikane kwa uhakika. Uwezekano mkubwa wa kujifungua ndani ya siku saba. Mama asiwe na dalili za maambukizi. Pawe na huduma ya kutosha ya uzazi, na pawe na mahali pa kumtunza mtoto akizaliwa: joto, oksijeni, chakula, antibayotiki.

Nilisoma masharti hayo mara ya kwanza nikiwa ofisini, Bukoba, dirisha linaangalia ziwa. Nikayasoma tena kama mtu anayesoma hukumu. Umri wa mimba ujulikane: sikuujua. Siku za kutosha: nilifika zimebaki kama saa mbili. Mahali pa kumtunza: chupa moja ya oksijeni na blanketi. Yule nesi angenichoma sindano ile saa 8 usiku, ingekuwa bado iko kwenye paja langu mtoto akitoka. Hakuninyima kitu ambacho kingefanya kazi usiku ule. Swali alilouliza ndilo lililokuwa sahihi.

Siku mbili zile zinazohitajika zilikuwepo. Zilikuwa Alhamisi usiku hadi Jumamosi usiku, na nilizitumia kumenya ndizi.

Nimejaribu kulisema hilo bila kujihukumu, na bado sijaweza. Ila nimeacha kumtafuta mwingine wa kuhukumu.

*

Mwaka jana nilipokwenda Muleba kusalimia, nilimuuliza mama yangu mimba zake alikuwa anazihesabuje. Akacheka. Mimi, alisema, nilianza baada ya senene wa mwisho wa mwaka, nikazaliwa wakati wa kuvuna kahawa zimekaribia kwisha. Hakuwa mzembe. Kalenda hiyo ilimtosha kwa watoto sita, kwa sababu wote sita walikuja kwa wakati wao. Kalenda ya senene haina kasoro mpaka siku mtu anapokuuliza ni wiki ya 30 au ya 36.

Sasa mambo yanabadilika, na ni haki kuyasema. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulionyesha vifo vya kina mama vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, ndani ya miaka kama saba. Kuna namba ya bure, 115, ya mfumo wa m-mama, mjamzito aliye kwenye hatari anatafutiwa usafiri. Lakini katika utafiti huohuo, vifo vya watoto walio chini ya mwezi mmoja vilikuwa 24 kwa kila 1,000. Utafiti uliotangulia vilikuwa 25. Mama anafika hospitali, anapona. Mtoto amebaki palepale.

Mwezi wa tatu mwaka huu wifi yangu alinipigia simu kutoka huko Muleba. Ana mimba ya pili. Tulizungumza habari za ada za shule, bei ya kahawa, nani kahama. Mwisho kabisa, kama mtu anayekumbuka chumvi, akasema, "Na huu mgongo tangu jana hautaki kuniacha. Unakuja unaondoka."

Nikamuuliza, "Una wiki ngapi?"

"Saba inakatika."

"Wiki, wifi. Siyo mwezi."

Kimya. Nikamwambia achukue kadi ya kliniki, avae viatu, aondoke sasa hivi, asingoje kuivisha ndizi. Alisema nina wasiwasi wa watu wa mjini. Nikapandisha sauti, kitu ambacho kwa wifi hakifanywi. Akaenda.

Alinipigia jioni. Walimpima. Njia haijafunguka, mtoto anacheza, kumbe ni maambukizi ya mkojo tu. Wamempa dawa, na kwenye kadi wamemwandikia: wiki 29. "Umenilisha hasara ya nauli ya bodaboda elfu nane, kwenda na kurudi," akasema, "na ndizi zimeungua."

Nilimtumia elfu kumi kwenye simu. Akajibu kwa ujumbe mfupi: Kasinge waitu. Na chini yake, baada ya muda, akaongeza namba tu: 29 na siku 4.